Gari la Baba na Kutu ya Moyo

Masomo: Mathayo 6:19-21, Luka 12:13-21, Yakobo 5:1-3



 

Mara hii somo langu halikutoka katika madaftari ya chuo cha Biblia. Limetoka katika picha moja niliyoonyeshwa katika simu mwaka 2024. Nimekaa nayo muda mrefu bila kuiandikia, kwa sababu haikunihusu mimi peke yangu. Sasa yule mwingine amenipa ruhusa, akasema, "Andika, labda itamsaidia mtu." Basi naandika.

Picha ilitoka nyumbani, upande wa Fizi. Mtu wa kwetu alikwenda kutazama shamba la wazazi wake. Akapita katika kijiji kimoja cha milimani, mbali na barabara kubwa, akaona gari kuukuu limesimama nyuma ya nyumba, katikati ya kichaka. Akauliza ni la nani. Wazee wakamtajia jina la marehemu baba yetu. Akalipiga picha, akaituma.

Nilitazama picha hiyo nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji. Rangi ya bluu ya gari ilibaki mahali pamoja tu, chini ya dirisha la dereva, ukubwa wa kiganja. Kwingine kote palikuwa pekundu kwa kutu. Bonneti haikuwepo. Injini haikuwepo. Mahali pa injini umeota mti, na shina lake limepita unene wa paja la mtu mzima. Katika kiti cha dereva, alipokuwa akikaa Baba, kuku alikuwa analalia mayai.

Wapendwa, kwa ajili ya gari hilo mimi na yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa wa tumbo moja, hatukusalimiana kwa miaka saba. Nami ni mchungaji wenu.

GARI LENYEWE

Wazee mliotoka Baraka na Fizi mnayakumbuka magari ya namna ile. Lilikuwa Peugeot 404, kamioneti, lenye sanduku nyuma. Ufaransa walianza kutengeneza 404 mwaka 1960, nayo ikapata sifa kubwa katika Afrika yetu kwa sababu ilivumilia barabara mbaya. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki ilishinda mwaka 1963, kisha ikashinda miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Dereva aliyeshinda mara mbili katika hizo, Bert Shankland, alikuwa akiishi hapa hapa Tanzania. Baba aliijua habari hiyo kwa moyo. Alituhadithia sisi watoto kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amekalia usukani.

Baba alilinunua likiwa limeshatumika sana. Alibeba ndagala kutoka ziwani kupandisha milimani, akashusha mihogo na mafuta ya mawese. Mama alikaa mbele na mtoto mchanga. Sisi wakubwa tulikaa juu ya magunia. Gari lile lilitulipia shule na lilibeba wagonjwa usiku. Wakati wa Krismasi lilibeba kwaya.

Kule kwetu, mnajua, gari halikufa siku lilipozeeka. Lilikufa siku kipuri kilipokosekana. Pembeni mwa barabara na katika mashamba ya zamani palikuwa na mabati ya magari tangu wakati wa Wabelgiji, na sisi watoto tulicheza humo, tukishika usukani usiokwenda popote. Baba alikuwa akituonyesha mabati yale na kusema, "Langu halitafika hapo." Alilipaka mafuta chini kila mwaka kabla ya mvua.

Vita ilipofika mwaka 1996, mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba hakutaka gari lichukuliwe na wenye bunduki. Akalipandisha usiku hadi kwa rafiki yake milimani. Akatoa betri na magurudumu, akalisimamisha juu ya mawe, akalifunika kwa turubai na majani ya migomba. Kisha tukashuka kwa miguu hadi ziwani, tukavuka Tanganyika kwa mtumbwi, tukafika Kigoma. Baba alivuka na vitu viwili mfukoni: ufunguo wa gari na kadi ya gari, ile tuliyoiita karte roze.

Baba alifariki hapa kambini mwaka 2011. Ufunguo ulibaki kwangu, kwa kuwa mimi nilimuuguza. Kadi ilibaki kwa yaya, kwa kuwa yeye ni mkubwa. Hakuna aliyeuliza swali siku ile. Tulikuwa tunalia.

UGOMVI

Mwaka 2017 alikuja mtu na ujumbe. Kulikuwa na fundi kule nyumbani aliyetaka kununua gari lile kwa ajili ya vipuri. Lakini alitaka kadi na ufunguo kwa pamoja, asije akashitakiwa wizi.

Yaya akaniita akasema, "Mdogo wangu, lete ufunguo. Fedha hiyo nitalipia mahari ya kijana wangu." Mimi nikajibu, "Yaya, lete wewe kadi. Mimi nitanunua spika za kwaya na baiskeli ya huduma." Naomba mlisikie jibu langu vizuri. Niliifunika tamaa yangu kwa kitambaa cha madhabahu. Sikusema "nataka changu". Nilisema "Bwana anahitaji".

Akakataa. Nikakataa. Wazee walituita mara mbili, tukawashinda kwa maneno. Fundi alingoja, akachoka, akaenda zake. Gari halikuuzwa. Yaya alibaki na kadi isiyo na ufunguo, nami nilibaki na ufunguo usio na kadi, na kila mmoja aliweka kipande chake chini ya godoro kama hazina.

Kijana wa yaya alioa. Sikwenda. Alizaliwa mtoto, mjukuu wa kwanza wa ukoo wetu kuzaliwa hapa kambini. Mtoto huyo aliombewa na mchungaji mwingine, wakati babu yake mdogo ni mchungaji na anakaa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Watoto wetu walikuwa wakikutana kisimani wakiogopa kusalimiana.

Na katika miaka hiyo yote, wapendwa, nilisimama mbele yenu nikaumega mkate wa Meza ya Bwana. Naungama hilo mbele zenu kama nilivyoungama mbele za Mungu.

KUTU NI NINI?

Bwana wetu katika Mathayo 6 anataja maadui watatu wa hazina ya duniani: mdudu, kutu na mwizi. Tunamjua vizuri mwizi. Mdudu tunamjua kwa nguo na mahindi yetu. Leo natazama huyu wa katikati, kwa sababu anakuja bila kelele.

Chuma hakioti kutu kwa maji peke yake, wala kwa hewa peke yake. Ni mpaka maji na hewa vikutane juu ya chuma kilicho wazi. Ndiyo maana gari hupakwa rangi, ili chuma kifunikwe. Lakini jiwe moja dogo likigonga rangi, unyevu huingia. Kutu ikianza, inavimba, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, nayo huinua rangi iliyo jirani, na unyevu ukapata mlango mwingine. Tena kutu haizibi kidonda, ina vitundu vitundu, hupitisha maji hadi ndani. Ndiyo maana haisimami yenyewe. Isipokwanguliwa, itakula mpaka bati liishe.

Walimu wetu wa Kiyunani chuoni walitufundisha kwamba neno la Mathayo lililotafsiriwa "kutu" ni "brosis", na maana yake ya kwanza ni kula. Kutu ni mlaji. Mtume Yakobo, katika sura ya 5, anatumia neno jingine, "ios". Neno hilo hilo, katika sura ya 3 ya waraka wake, ndilo linalotafsiriwa "sumu" anapozungumza juu ya ulimi. Kwa Yakobo kutu ya fedha na sumu ya ulimi zinaitwa jina moja. Nilipolisoma tena jambo hilo baada ya kuona picha, nilifunga kitabu. Nilikumbuka maneno niliyomwambia yaya mbele ya wazee.

Sasa natoa mambo matatu niliyojifunza.

1. Kutu huanza mahali pasipoonekana

Fundi yeyote atakuambia: ukinunua gari kuukuu, usitazame mlango, inama utazame chini. Kutu huanza chini ya zulia, ndani ya kingo za milango, mahali tope linapokaa na maji yasipopata njia ya kutoka. Kwa juu gari linang'aa, na chini unapitisha kidole.

Wako watu waliofikiri Land Rover za zamani hazipati kutu. Lilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, hivyo bodi ikafanywa kwa aluminiamu. Aluminiamu haioti kutu kama chuma. Kwa hiyo Land Rover kuukuu inaweza kusimama kijijini miaka arobaini, bodi yake nzima, ukasema, "Hili litie betri tu, litawaka." Lakini ile chesi iliyo chini yake, inayobeba uzito wote, ni ya chuma. Ukilifunga kamba kulivuta, linakatika katikati.

Nilikuwa mchungaji wa namna hiyo. Suti yangu ilikuwa safi na mahubiri yalikuwa mazuri, nanyi mlisema "Amina". Chesi ilikuwa imeliwa. Bwana Yesu aliwaambia Mafarisayo jambo kama hilo katika Mathayo 23:27, alipowafananisha na makaburi yaliyopakwa chokaa. Nilikuwa nimehubiri mstari huo mara nyingi, kila mara juu ya watu wengine.

2. Kitu kilichoachwa mbali huzidi kuwa kizuri katika masimulizi

Huko Ubelgiji, karibu na kijiji cha Châtillon kusini mwa nchi, palikuwa na msitu wenye magari mengi ya zamani yaliyopangana kama foleni, yameota kuvu na majani. Watu wakasimulia kwamba askari wa Marekani waliyaacha pale baada ya Vita ya Pili ya Dunia kwa kukosa njia ya kuyasafirisha, wakayaficha, wakitumaini kurudi kuyachukua. Hadithi nzuri sana. Lakini mengi ya magari yale yalitengenezwa miaka ya baada ya vita. Yalikuwa mabovu ya watu wa kawaida. Kufikia mwaka 2010 yalikuwa yameondolewa. Hadithi ndiyo inayoendelea kusimuliwa.

Hivyo ndivyo tulivyofanya mimi na yaya. Kila mwaka tuliokaa bila kuliona, gari la Baba lilizidi kuwa zima. Mimi katika mawazo yangu nililiona na matairi, wakati Baba aliyatoa mbele ya macho yangu. Yaya aliniambia baadaye kwamba yeye katika ndoto alilisikia likiwaka. Tulikuwa tunagombania gari lisilokuwepo tena. Wakati tunapelekana mbele ya wazee, mti ulikuwa umeshaota mahali pa injini.

Jiulize, mpendwa: kile unachokigombania na ndugu yako, umekiona lini kwa macho? Ile nyumba ya bati, ile ng'ombe, kile kiwanja cha mjini, je, unajua kama vipo? Au mnagombana juu ya picha iliyo kichwani?

3. Kutu ya kule inaweza kula mtu aliye hapa

Yakobo anasema jambo la ajabu. Anawaambia matajiri wa wakati ule kwamba kutu ya mali yao itasimama kutoa ushahidi dhidi yao, tena itakula miili yao. Zamani sikuelewa jinsi kutu ya chuma inavyoweza kula nyama. Sasa naelewa. Gari liko Fizi, nami niko Nyarugusu, katikati yetu kuna ziwa zima. Hata hivyo lilinila. Lilikula usingizi wangu na maombi yangu, likala na undugu wa watoto wetu.

MWALIMU, MWAMBIE NDUGU YANGU

Katika Luka 12 mtu mmoja alipaza sauti katikati ya umati. Alitaka Yesu amwamuru ndugu yake wagawane urithi. Tazameni mahali alipokuwa: alikuwa amesimama karibu na Mwana wa Mungu, kiasi cha kusikiwa, na neno lililokuwa juu kabisa moyoni mwake lilikuwa mali ya baba yake. Yesu alikataa kuwa mgawaji wa mali ile. Akawaonya wote waliokuwepo juu ya tamaa, kisha akatoa mfano wa tajiri aliyepanga kujenga maghala makubwa zaidi, akaambiwa kwamba usiku ule ule roho yake itatakwa.

Mimi naona wale ndugu wawili walihitaji jambo moja, na mgawo wa mali haukuwa jambo lenyewe. Yesu angeweza kukata urithi ule katikati, kwa haki kabisa, na wale ndugu wangerudi nyumbani kila mmoja na nusu yake, wakiwa bado maadui. Je, si ndivyo tulivyokuwa sisi? Sisi tulikuwa tumeshagawana. Mmoja alikuwa na ufunguo, mwingine alikuwa na kadi.

JE, TUSAHAU MALI ZETU?

Hapa najua mtu ataniuliza: "Mchungaji, unatuambia tuache haki zetu? Nyumba zetu zilichomwa, mashamba yetu yanalimwa na wengine. Je, tuseme ni kutu tu?"

Hapana, mpendwa. Sisemi hivyo, na Biblia haisemi hivyo. Mungu ni Mungu wa haki. Soma Yeremia 32. Mji wa Yerusalemu umezingirwa, nabii yuko kifungoni, na Mungu anamwagiza anunue shamba la binamu yake kule Anathothi. Alilipa shekeli kumi na saba za fedha, akaandika hati, akaita mashahidi, kisha hati ikawekwa katika chombo cha udongo idumu siku nyingi. Kwa nini? Kwa sababu Mungu aliahidi kwamba siku moja watu watanunua tena mashamba katika nchi ile. Kutunza hati ya shamba lako si dhambi. Kuwaonyesha watoto wako mahali kaburi la babu yao lilipo si dhambi. Hayo ni tumaini.

Lakini tazama tofauti. Yeremia aliiweka hati katika chombo cha udongo, hakuiweka moyoni. Aliiweka kwa ajili ya watu wote waliokuwa wanangoja, hakuiweka ili kumkomoa ndugu. Na huyo huyo Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia waliokuwa uhamishoni kwamba wajenge, wapande, waoze vijana wao, na wautafutie amani mji waliomo. Mtu anaweza kutunza hati na bado akaishi leo.

Baadhi yetu hatuna gari kule nyumbani. Hazina yetu imo ndani ya faili la kwenda ng'ambo. Mwaka 2025, mwezi Januari, Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi, niliwaona watu waliokuwa wameshauza vyombo vya nyumbani. Wako pia waliosema, "Mwaka huu tunarudi," kisha wakasikia habari za Goma mwezi huo huo na za Bukavu mwezi Februari. Sitawadharau ninyi wala machozi yenu. Nasema tu: gari lililosimama juu ya mawe likingoja siku moja litembee, kutu inalila likiwa linangoja. Na mtu naye ni hivyo. Usisimame juu ya mawe. Fundisha mtoto kusoma, lima kitalu chako cha mchicha, patana na jirani, imba katika kwaya. Kungoja si dhambi. Kungoja bila kupenda mtu yeyote, huko ndiko kuoza.

NILIVYOPELEKA UFUNGUO

Usiku wa tatu baada ya kuiona picha, mama watoto aliniambia neno moja: "Baba, Jumapili ni Meza ya Bwana." Hakuongeza kitu. Nilijua anasema habari ya Mathayo 5:23-24, mahali Bwana anapomwagiza mwenye sadaka aiache pale pale madhabahuni, aende kwanza akapatane na ndugu yake.

Asubuhi nilitoa ufunguo chini ya godoro. Nao ulikuwa na kutu. Nilikuwa nimeufunga kwa kitambaa na nailoni, na hata hivyo kutu iliingia. Nikaenda kwa miguu hadi zoni ya yaya. Nilipofika alikuwa anatengeneza kiti. Hakuinuka. Nikapiga magoti, kwa maana yeye ni mkubwa wangu, nikaweka ufunguo mbele yake, nikasema, "Yaya, nilikosa. Ni wako. Nilimtaja Bwana kwa uongo."

Alinyamaza muda mrefu. Nilifikiri atanifukuza. Kisha akatoa simu yake, akanionyesha picha ile ile. Naye alikuwa ametumiwa. Akasema, "Mdogo wangu, mlango wenyewe umeliwa. Ufunguo wa nini?" Akaanza kucheka, nami nikacheka, na katikati ya kicheko mmoja wetu akaanza kulia. Sitasema ni nani.

Shemeji alileta chai. Akamwita mkwewe alete mtoto, yule ambaye sikumbariki. Ana miaka mitano sasa. Alinitazama akauliza, "Huyu ni nani?" Hapo ndipo kutu ilinishuhudia mbele ya macho yangu, kama Yakobo alivyosema. Ilinilazimu nijitambulishe kwa mjukuu wetu kama mgeni.

Wapendwa, sitawaambia kwamba mambo yote yamekwisha. Kutu ya miaka saba haikwanguliwi siku moja. Kuna maneno ambayo yaya ameniambia yananiuma bado, na najua yangu yanamuuma zaidi. Bado hajaja kusali kwetu. Lakini tunakula pamoja, watoto wanasalimiana kisimani, na ufunguo na kadi sasa viko mahali pamoja, katika bati dogo la maziwa nyumbani kwa yaya. Tumekubaliana viwe vya kuwaonyesha wajukuu, wajue kwamba babu yao alikuwa mtu wa kazi, aliyebeba wagonjwa usiku bila kudai nauli. Huo ndio urithi wake. Tungeugawana tangu mwanzo, ungetosha wote.

NENO LA MWISHO

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao tutashiriki Meza ya Bwana. Nawaomba, kabla ya siku hiyo, kila nyumba ifanye mambo haya matatu.

Kwanza, inama utazame chini ya gari. Kila mtu amwombe Roho Mtakatifu amwonyeshe mahali tope lilipokaa moyoni mwake. Usitazame mlango wa jirani.

Pili, kama una ufunguo ambao kadi yake iko kwa ndugu yako, uwe wa mali, wa maneno, au wa kesi ya zamani ya huko tulikotoka, nenda kwake. Usimngoje yeye aanze. Mkubwa asiseme, "Mimi ni mkubwa." Mdogo asiseme, "Nimeonewa." Kama miguu ni mizito, njoo uniambie, nitakusindikiza. Sasa naijua njia hiyo.

Tatu, waambie watoto habari za nyumbani bila chuki. Wape majina ya vijiji, mito na babu zao. Wasirithi ugomvi wa kitu ambacho hawajawahi kukiona.

Hazina ya mbinguni, ile ambayo kutu haiifikii, huanza kukusanywa hapa hapa katika vumbi jekundu la Nyarugusu. Ni ndugu aliyesamehewa, na mtoto anayekujua jina.

Tuombe. Ee Baba wa mbinguni, uliyatazama mali tuliyoyaacha, na unamjua kila aliyetudhulumu. Haki yetu tunaiweka mikononi mwako. Utukwangue kutu mioyoni, hata kama inauma. Uwapatanishe ndugu waliotengana kwa sababu ya vitu vinavyooza. Utulinde tukingoja, ili siku utakapotuita, iwe ni kurudi nyumbani Kongo au ni kufika nyumbani kwako, utukute tunatembea. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni mimi mtumishi wenu na mkimbizi mwenzenu,
Mchungaji